Maswali yenu kuhusu ukuaji wa taya na uso

Mwanangu ana miaka 8 na meno ya juu yametokeza. Afungwe nyaya sasa?

Mara nyingi hakuna haraka. Taya la chini huchelewa kukua kuliko la juu, kisha hushika kasi wakati wa kubalehe: wasichana karibu na miaka 12, wavulana kama 14. Watafiti wamewalinganisha watoto waliotibiwa mapema na waliosubiri, na mwishoni mataya yao yakawa karibu sawa. Faida ya kuanza mapema ni kwamba meno yaliyotokeza huvunjika kirahisi mtoto akianguka. Kama wako ni mtundu wa kuparamia kila kitu, hilo nalo lipime. Ila meno ya juu yakiingia nyuma ya yale ya chini, usingoje, mpeleke akaangaliwe.

Mnajuaje mfupa umekua upande gani, na uso wote unabadilika?

Hapo ndipo wanafunzi wangu hutoka jasho. Nawapa picha mbili za eksirei za mtoto mmoja, zilizopishana miaka kadhaa, na karatasi ya kunakilia. Wachore taya kwa penseli, kisha wapandanishe michoro. Waipandanishe wapi? Kila ukingo umesogea, na kila mmoja huja na jibu lake.

Mwaka 1931 Broadbent, daktari wa meno wa Marekani, alieleza kifaa cha kushikilia kichwa ili picha za miaka tofauti zilinganishwe. Kigingi cha kupimia ndani ya mfupa, kisichosogea, kililetwa na Arne Björk, aliyefanya kazi Denmark: alipachika vipini vidogo vya metali iitwayo tantali katika mataya ya watoto, ili michoro ipandanishwe juu yake, na mwaka 1955 akachapisha alichokiona. Taya la chini huzunguka linapokua, lakini mfupa hulika huku na kujengwa kule, mzunguko ukafichika. Nikiwaonyesha wanafunzi vile vitone vyeupe vya vipini kwenye picha, darasa hunyamaza. Siku hizi sidhani kamati ya maadili ingeridhia mtoto mwenye afya apachikwe chuma kwa ajili ya utafiti tu.

Nina miaka 30. Kifaa cha kukuza taya kitanisaidia?

Hapana. Uso wa mtu mzima hubadilika kidogo mno, kwa miaka mingi. Meno husogezwa umri wowote, lakini mataya yaliyopishana sana ni kazi ya upasuaji.

Nikitafuna sana ubani, kidevu kitajitokeza?

Msuli wa shavu utanenepa. Kidevu kitabaki pale pale.