Usiniulize shule ni nzuri au mbaya, nitafutie kwanza daftari la hesabu

Juzi usiku nimefunga steshenari yangu nikakuta voisi ya wasap ya dakika nne. Mama mmoja wa Igoma, hapa hapa Mwanza, huwa anafuatilia ninachoandika, mtoto wake kamaliza la saba na kapangiwa sekondari ya kata ambayo yeye haitaki. Anasema shule yenyewe iko juu ya mawe huko kilimani, madarasa ya zamani, majirani wanaibeza, halafu kuna nyingine ya serikali hiyo hiyo ina ghorofa jipya na rangi inang'aa, na ana ndugu yake anaweza kumsaidia uhamisho. Mwishoni akasema, "Dada nakuomba uniambie tu ipi nzuri, wewe umesomesha."

Nilisikiliza mara mbili nikakosa usingizi. Nilikuwa namuwaza kijana wangu.

Sijawahi kuliandika hili jambo lote, leo naliandika, na najua wengi mnaonisoma mna hamu ile ile niliyokuwa nayo mimi, mtoto afike mbali kuliko ulipofika wewe. Mimi niliishia la saba miaka ya tisini, sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu, unafaulu na nafasi hamna. Fomu foo nimeipata ukubwani kwa QT, ile njia ya mtihani kwa ambaye hakusoma sekondari, mtoto mgongoni, nasoma usiku kwa taa ya chemli hapa hapa Mkuyuni. Kwa hiyo Januari 2019 kijana wangu wa kwanza alipoingia kidato cha kwanza nililia kwa furaha. Ada ilishafutwa tangu 2016, kazi yangu ilikuwa sare, madaftari na hela ya uji.

Na kabla hajaanza nilienda kuiona shule, wala msidhani nilikuwa mzazi wa kukaa nyumbani. Nilikaa pale kama saa nzima hivi. Nikaona jengo la maabara, yale majengo tuliyochangishwa nchi nzima enzi za Rais Kikwete, limepakwa rangi ya bluu na nyeupe, tenki la maji, maua yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, ofisini mkuu wa shule kavaa vizuri anaongea kwa heshima, na ukutani kuna karatasi ina majina ya watoto watatu waliopata Divisheni I, daraja la juu kabisa la ufaulu. Nikaridhika. Sikuuliza swali hata moja la maana. Kumbe ningechungulia dirisha la ile maabara tu ningeona maboksi ya vifaa yamejaa vumbi hayajafunguliwa, kijana ndo alikuja kuniambia baadaye.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa mama mwenye raha kuliko wote mtaani. Ripoti inakuja, kashika nafasi ya 4 kati ya 112. Nafasi ya 4! Nikamnunulia viatu vipya, nikawa nawaonyesha wateja ile ripoti, nikaiweka na kwenye fremu pale dukani juu ya mashine ya fotokopi.

Sasa Oktoba 2020, bado wiki chache wafanye mtihani wa taifa wa kidato cha pili, kijana akaja dukani na makaratasi ya rafiki yake wa shule nyingine anataka kutoa kopi. Akaacha kaunta buku lake la hesabu juu ya mashine akaenda kununua mihogo. Nikalifungua, wala sikuwa namchunguza, nilikuwa natafuta karatasi tupu niandike hesabu za mteja. Nikaona wino mwekundu. Vipeo na vipeuo, maswali kumi, tiki saba, mkasi tatu, chini kuna sahihi na tarehe 12/03/2020. Nikafunua ukurasa unaofuata, hakuna wino mwekundu. Unaofuata, hakuna. Nikafunua mpaka mwisho, kurasa na kurasa, notisi zimenakiliwa kwa wenzake, maswali yameanzwa hayajamaliziwa, mengine kaandika swali tu akaacha nafasi ya jibu, nafasi nyeupe kabisa.

Kwanza nikajiambia ni korona. Shule zilifungwa Machi 17 si mnakumbuka. Lakini zilifunguliwa Juni 29, nikaanza kuhesabu kwa vidole Julai, Agosti, Septemba, na hii Oktoba. Kijana aliporudi nikamuuliza mwalimu wenu wa hesabu yuko wapi. Akajibu kawaida kabisa, anatafuna muhogo, "Alihama mama, tulivyorudi hatukumkuta. Wa bailojia huwa anakuja siku moja moja anatuachia maswali." Nikamwambia mbona hukuniambia? Akanyamaza kidogo akasema, "Hukuwahi kuniuliza mama. Wewe ulikuwa unauliza nimeshika namba ngapi."

Ile sentensi naisikia mpaka leo. Alikuwa wa nne kati ya watoto 112 ambao wote hawafundishwi hesabu.

Yaliyofuata sitayarefusha. Nilihangaika na uhamisho nikaambiwa huko ninakotaka nafasi hakuna, nikalipa twisheni, kijana akajitahidi kweli. Matokeo yakatoka Januari 2023, ndo ule mwaka Baraza la Mitihani lilisema halitangazi tena shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na dukani kwangu watu walikuwa wamejaa wanabishana sasa tutajuaje shule nzuri, wengine wamekasirika kabisa, na mimi katikati ya kelele zao natafuta namba ya mwanangu kwenye skrini. Divisheni IV ya pointi 29, daraja la mwisho la kufaulu. Kiswahili C, hesabu F. Nikaendelea kushuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa shule, kule ambako watu wengi hawafiki, kuna jedwali la masomo linaonyesha kila somo wamefanya wangapi na wamefaulu wangapi. Kwenye hesabu karibu shule nzima imefeli. Kumbe halikuwa tatizo la mwanangu. Na lile jedwali la miaka ya nyuma lilikuwepo pale pale mtandaoni wakati mimi naangalia maua na chokaa.

Hiyo kumi bora hata ilipokuwepo haikuwa ya kwetu, ilijaa shule za bweni za kulipia. Sisi tunaopangiwa shule ya kata swali letu ni jingine kabisa: kati ya hii ya mtaani kwetu na ile ya kata ya jirani, mtoto wa kawaida anafundishwa wapi?

Mtoto wa kawaida, shikeni hapo. Yule wa Divisheni I aliyebandikwa ukutani angefaulu hata chini ya mwembe, na wengine mkiuliza vizuri mtakuta walikuwa wanasoma twisheni tatu. Shule ihukumu kwa yule aliyekaa dawati la katikati, hana kelele, hana akili ya kutisha.

Binti yangu alimaliza la saba mwaka ule ule wa 2020, kwa hiyo Januari 2021 alipopangiwa shule nikawa nishaumwa na nyoka. Shule yake ilikuwa mbaya kwa macho, niseme ukweli, sakafu imebomoka, bati lina kutu, kupanda kwenda kule ni mawe matupu. Safari hii nilienda mara tatu na sikumwambia mtu nakuja. Jumanne asubuhi, nikarudi Alhamisi, halafu Ijumaa saa saba na nusu mchana, na hiyo ya Ijumaa ndo nawaambia msiikose. Asubuhi kila shule inapendeza jamani, kuna paredi, mkuu yupo, walimu wamesaini. Ijumaa mchana ndo utajua. Pale nilikuta madarasa sita, manne yana mwalimu, la tano kiranja anaandika notisi ubaoni na watoto wananakili, la sita kelele. Sio asilimia mia lakini nilisikia kwa masikio yangu mwalimu wa kike anafundisha hesabu kwa sauti, jua kali, mpaka kengele ikagonga.

Nikaongea na mzee mlinzi wa getini. Wazazi hatuwaulizi hawa watu na wao ndo wanajua kila kitu, mlinzi na mama anayeuza barafu na karanga pale nje. Yule mzee akaniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akasema, "Mkuu wa hapa anashika daftari la mahudhurio la walimu mwenyewe, anapita darasani na fimbo yake mfukoni hapigi mtu, anahesabu tu." Karanga zangu za mia mbili nilipata taarifa ambayo ofisini nisingepewa.

Halafu nikamwendea jirani ambaye mtoto wake alikuwa kidato cha pili pale, nikaomba madaftari yake, la hesabu na la fizikia. Angalia tarehe za wino mwekundu. Angalia zinafuatana vipi, kila wiki, kila wiki mbili, au kuna shimo la miezi. Angalia kama mtoto aliyekosa amefanya masahihisho chini yake na mwalimu akarudi kuyaona. Ripoti inaweza kupambwa na jengo linapakwa rangi mgeni akija, lakini daftari la mwaka mzima la mtoto wa mtu mwingine hakuna aliyeliandaa kwa ajili yako. Na usichukue la mtoto anayeongoza, chukua la yule wa katikati.

Simlaumu mwalimu hapa, naomba nieleweke. Kiwango kinasema watoto 40 kwa darasa la sekondari, nyie mnajua hapa jijini tunaona sabini na kuendelea, mwalimu mmoja wa hesabu ana mikondo sita, atasahihisha vipi kila siku. Ndo maana ninachokitafuta ni kama kuna mpango. Ile shule ya binti walikuwa wanasahihisha dawati kwa dawati, leo mstari huu kesho ule, na pengo la mwalimu wa kemia walilizibaje? Mkuu aliitisha wazazi akatuambia wazi hatuna mwalimu wa kemia, tukachanga kwa hiari tukampata kijana wa kujitolea aliyemaliza chuo hana ajira. Kule kwa kijana wangu hesabu ilikosa mwalimu miezi na hakuna aliyetamka. Kikao cha wazazi tulijadili uji na suruali za kubana masaa matatu.

Kwa hiyo wazazi, kwenye vikao ulizeni. Mnaogopa nini? Simama uliza somo gani halina mwalimu sasa hivi. Mkuu akijibu kwa majina na idadi, hiyo shule ina mtu. Akianza kukuhubiria nidhamu ya watoto wa siku hizi, kaa macho. Na mimi ningekuwa nimesimama mwaka ule, hata mara moja tu, nisingekuwa naandika haya.

Jedwali nalo msiliache. Chukua matokeo ya kidato cha nne ya miaka mitatu, shuka mpaka chini, angalia hesabu, Kiingereza na bailojia, usiangalie Divisheni I ziko ngapi. Halafu fanya kitu kimoja zaidi, chukua waliofanya kidato cha pili 2022 uwalinganishe na waliofanya cha nne 2024. Wengine wamerudia, wengine wamehama, sawa, lakini ukikuta walikuwa 180 wamefika 95, uliza hao wengine wako wapi, hasa wasichana. Binti anayetembea kilomita saba, makonda wa daladala wanamkataa kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, bodaboda anampa lifti kila asubuhi, hiyo shule hata ifundishe vipi kwake ni hatari. Nenda na vyooni, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, hesabu mwenyewe, na angalia kama milango inafunga. Tangu 2024 kuna shule zimeanza mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ukiambiwa hii ni ya amali usishangilie kibao, omba uonyeshwe vifaa na mtu anayefundisha.

Binti alipata Divisheni II ya 19, hesabu C. Julai 2025 kaenda kuanza kidato cha tano upande wa Geita, basi lao lilipita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi akanitumia video, ziwa kulia ziwa kushoto. Nilimwonyesha kaka yake. Yeye yuko Mwaloni Kirumba kwenye dagaa, anajitegemea, hanidai kitu. Alitazama video mpaka mwisho akasema safi sana, akanirudishia simu.

Yule mama wa Igoma nilimjibu kesho yake asubuhi. Nikamwambia asimpigie ndugu yake wa uhamisho kwanza, atafute mtoto yeyote wa mtaani kwake anayesoma ile shule ya kilimani, asiwe wa kwanza darasani, ampige picha daftari lake la hesabu kurasa za mwisho. Jioni zikaingia picha tano, la mtoto wa kidato cha tatu. Daftari limechafuka, jalada limeshonwa na uzi. Ukurasa wa mwisho kakosa maswali manne kati ya nane, chini yake kayarudia yote manne, na pembeni kuna tiki nyekundu na tarehe ya Desemba, wiki ile ile ya kufunga shule.

Nikamwandikia mpeleke.