Re: Albamu ya bendi ya Arctic Monkeys ya 2018 mbona hainiingii?
Habari mkuu, nimekusoma, umeipiga hiyo albamu, Tranquility Base Hotel & Casino, mara mbili hujayaona yale magitaa ya albamu yao ya AM ya 2013 na unauliza kama shida ni masikio yako. Shida siyo wewe, hata mimi wiki ya kwanza niliiacha. Cheki kwanza piano, maana mwimbaji wao Alex Turner alizawadiwa piano alipotimiza miaka 30 akawa anatungia hapo badala ya gitaa, ndo maana nyimbo zinatembea taratibu. Anza na wimbo wa Four Out of Five, vaa hedifoni usiku, fuata besi, afu sikiliza maneno, jamaa anaimba kuhusu mgahawa uliofunguliwa mwezini, mwezini kabisa! Hapo ndo ilinikamata. Sikuahidi na wewe itakukamata lakini ipe nafasi ya tatu.