Jibu: Mchoraji akimpenda tajiri anayemchora

Ndugu, umeuliza kama imewahi kutokea kweli mchoraji fukara akampenda tajiri anayemchora. Mwangalie Goya, mchoraji wa Hispania. Fukara hakuwa, ila maradhi ya 1792–93 yalimwacha kiziwi kabisa. Mwaka 1797 akamchora mjane aliyekuwa na cheo cha kikabaila cha Alba, mwanamke tajiri kupindukia, kavaa nguo nyeusi. Sasa tazama mkono: pete mbili, moja imeandikwa Alba, nyingine Goya, na kidole kinaonyesha mchangani palipoandikwa “Solo Goya”, yaani Goya pekee. Hilo “Solo” lilikuwa limefunikwa kwa rangi, likaibuka picha iliposafishwa! Kwamba bibi naye alimpenda, hakuna ushahidi. Mimi naona Goya alijiandikia mwenyewe, maana picha ilibaki kwake. 1812 bado ilikuwa nyumbani mwake.