Huyo farasi mweupe amekaa aje miaka yote hiyo?

SWALI: Habari za kazi hapo gazetini. Kijana wangu wa sekondari amenionyesha kwa simu picha ya farasi mweupe amechorwa kwa kilima kule Uingereza, eti ana miaka kama 3000. Sasa mimi najiuliza, hapa kwetu mvua ya mwezi wa nne ikipiga hata chokaa ya ukuta inaenda, huyo amebaki vipi? Na sisi hatuwezi kuchora wetu Menengai?
Mzazi, Free Area, Nakuru

JIBU: Asante mzazi wetu. Huyo ni farasi wa Uffington, eneo la Oxfordshire, urefu wake ni kama mita 110, na hakupakwa rangi. Kile kilima chini ya nyasi ni mwamba wa chaki, watu wa kale wakachimba mitaro, mingine inakaribia mita moja kwenda chini, halafu wakaijaza chaki iliyopondwa wakashindilia. Miaka ya 1990 watafiti walichukua udongo wa mle ndani wakapima mara ya mwisho uliona jua lini, wakapata ni kati ya 1380 na 550 kabla ya Kristo.

Lakini adui wake mkubwa ni nyasi. Ukimwacha tu, zinaingia kutoka kando, udongo unateremka juu ya chaki, mwisho anapotea kabisa. Kwa hivyo kama yuko leo ni kwa sababu kila kizazi kuna watu walipanda huko juu kumpalilia, na hiyo ndio inanigusa sana, Warumi wamekuja wakaenda, dini zimebadilika, lugha zimebadilika, na bado watu wanashika jembe. Ni kama nyumba ya udongo huku kwetu, inasimama bora kuwe na wa kuikandika. Karne ya 18 na 19 kazi hiyo ilikuwa sherehe kabisa, kuna mieleka, mbio, watu wanafukuza jibini ikibingirika kwa mteremko. Vita vya Pili vya Dunia walimfunika ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kujua njia. Siku hizi ni watu wa kujitolea, wakati wa kiangazi wanapiga magoti na nyundo, wanamwaga chaki mpya wanaiponda mpaka ishikane.

Menengai itakuwa ngumu, chini ni mawe na majivu ya volkano, ukichimba hupati ule weupe. Udongo mweupe tunao Kariandusi karibu na Gilgil, ila huo ni mabaki ya mwani mdogo sana wa ziwa la zamani. Afadhali umpeleke kijana Hyrax Hill, ni hapo hapo Nakuru, aone mashimo ya bao yaliyochongwa kwa mwamba wenyewe. Nauli ikipatikana mfike Thimlich Ohinga kule Migori, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2018, kuta za mawe zimepangwa bila saruji na zina kama miaka 500. Mkifika muulizeni anayewatembeza vile wanafyeka, maana mti ukiota katikati ya mawe ukuta unafunguka.