Usiichomeke hiyo pasi, tafuta ukinzani kwanza

Mkuu, usiichomeke. Kama umeshaichomeka, zima, chomoa, kisha rudi usome.

Umeandika kwamba pasi yako ina kibandiko cha volti 110 na wati 1000, soketi yako inatoa volti 220, umegawanya 1000 kwa 220 ukapata ampea 4.5, basi umeridhika kwamba waya utabeba bila shida. Halafu ukauliza waya wa kurefushia uwe na unene gani na pasi itakula yuniti ngapi kwa saa. Nilipofika kwenye hiyo 4.5 mwili ulinisisimka. Hesabu hiyo niliifanya mimi, neno kwa neno, na nusura iniunguzie nyumba.

Yangu ilikuwa hita ya chumba, volti 120, wati 1200. Umeme wa ukutani volti 240. Nikagawanya 1200 kwa 240, nikapata ampea 5. Plagi ilikuwa na fyuzi ya ampea 13, nikaona nafasi ipo tele. Nikawasha. Koili ambazo kwa kawaida huwa nyekundu kama kaa la moto ziligeuka njano ndani ya muda mfupi, nami nikafurahi kwamba hita ina nguvu. Nikatoka kwenda kufunga madirisha ya upande wa pili. Kilichonirudisha ni harufu.

Nilikuta plagi imeyeyuka na kugandana na soketi, ganda la waya limelainika linatoa moshi, na zulia chini yake limeanza kuungua. Kwa kiwewe nikauvuta waya kwa mkono, badala ya kukimbilia swichi kuu. Alama iko kiganjani mpaka leo. Baadaye ukuta ukachimbuliwa, kwa sababu waya wa ndani nao ulikuwa umepata joto mpaka ganda lake likakakamaa na kupasuka. Soketi, waya, zulia, hita yenyewe, vyote vilikwenda. Na usiku ule watoto walikuwa walale kwenye chumba hicho.

Kosa liko wapi? Niliamini wati 1200 ni mali ya hita, kwamba hita itabaki na wati zake popote nitakapoipeleka. Sivyo. Wati za kibandikoni ni ahadi ya volti zilizoandikwa pembeni yake tu. Kitu ambacho koili inabeba popote iendako ni ukinzani, yaani kiasi inavyoupinga umeme kupita, nao hupimwa kwa omu. Hita yangu kwa volti 120 ilivuta 1200 ÷ 120, yaani ampea 10. Ukinzani wake basi ni 120 ÷ 10, omu 12. Omu hizo 12 hazikubadilika eti kwa sababu nimehama soketi. Ukizipa volti 240 zinavuta 240 ÷ 12, ampea 20. Zidisha 240 kwa 20: wati 4800. Volti zikawa mara mbili, wati zikawa mara nne.

Kwenye waya ni balaa zaidi. Joto la waya hufuata mraba wa ampea. James Prescott Joule alilipima hilo mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mimi nilitegemea ampea 5, zikaja 20. Mara nne, kwa hiyo joto ndani ya waya ni mara 16 ya nililotarajia. Na usiseme fyuzi itakulinda. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 20, inaweza kuvumilia muda mrefu tu. Breka ya ampea 32 kule kwenye sanduku ndiyo kabisa, kwake ampea 20 ni mzigo wa kawaida.

Aliyenipotosha ni fundi niliyempigia simu kabla ya kuwasha. Akaniambia kwa kujiamini kabisa: "Volti zikipanda, ampea zinashuka, hiyo ni kanuni." Bado nina hasira naye. Kanuni hiyo ipo kwenye transfoma, na ipo kwenye chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa volti 100 hadi 240, kwa sababu ndani yake kuna sakiti inayojirekebisha ili wati zibaki zilezile. Pasi haina kitu hicho. Ni koili tupu. Fundi anayeshika mikono ya watu kwenye umeme alipaswa kuniuliza swali moja tu: kifaa chako ni cha koili au ni cha sakiti? Na walimu wanaotuchorea ile pembetatu ya volti, ampea na ukinzani watuambie pia ni herufi ipi imesimama na zipi zinahama. Tulikariri kugawanya, hatukuambiwa tugawanye nini.

Sasa pasi yako. 1000 ÷ 110 ni ampea 9.1. Ukinzani ni 110 ÷ 9.1, omu 12.1. Kwa volti 220 itavuta ampea 18.2, na wati zitakuwa 4000. Elfu nne, mkuu, kwenye bati la kunyooshea shati.

Ukitaka kuitumia lazima upate transfoma ya kushusha 220 kuwa 110, yenye uwezo unaozidi wati 1000 kwa nafasi ya kutosha. 1500 ni sawa.

Lakini kabla ya yote, pima. Pasi ikiwa imechomolewa na imepoa, weka kitufe cha joto juu, maana kikiwa kwenye sifuri mita haitasoma kitu. Weka multimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye omu, gusa pini mbili za plagi zinazobeba umeme, si ile ya ardhi. Ikisoma karibu na 12, kibandiko kinasema kweli na pasi hiyo haigusi soketi yako. Ikisoma karibu na 48, koili ni ya volti 220 na kibandiko ndicho kilichokosewa. Andika hapa namba uliyoipata kabla hujafanya lolote. Niko macho, nasubiri.