Beberu mzee asiyelainika

Swali: Nyama ya beberu aliyekomaa nimeichemsha saa nzima kwa moto mkali, bado ngumu. Nakosea wapi?

Jibu: Kwenye moto. Nyama ikitokota kwa nguvu hukakamaa na kutoa maji yake. Kano hulainika polepole tu, saa 2 hadi 2 na nusu, mchuzi ukichemka kidogo kidogo na sufuria imefunikwa. Kwa presha kuka, dakika 45.

Kabla ya hapo ondoa mafuta yote, maana harufu ya beberu imo humo. Paka papai bichi lililokunwa, vijiko 2 vya chakula kwa kilo, pamoja na tangawizi. Dakika 30 zinatosha! Ukilaza usiku kucha, nje hugeuka uji na ndani hubaki vilevile.