Été si kiangazi, na "je suis chaud" si joto

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni kiongozi wa watalii Arusha, najifunza Kifaransa taratibu. Nilimwandikia mgeni wangu anayekuja Julai: "Dans été je suis chaud", nikimaanisha kwamba kiangazi huwa nasikia joto. Alijibu kwa vicheko vitupu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umekosea mara tatu katika maneno matano, ila kosa lililomchekesha ni moja.

Sisi husikia joto. Mfaransa "ana" joto, kama anavyokuwa na njaa: j'ai chaud, j'ai faim. Ukiweka être, yaani "kuwa", ukasema je suis chaud, unaeleweka kuwa una ashiki. Vijana wa siku hizi huitumia pia kwa maana ya "niko tayari, twende", kwa hiyo labda alidhani unamwalika mahali! Hali ya hewa yenyewe ni il fait chaud, na hiyo il haimtaji mtu yeyote.

La pili ni dans. Majira hutanguliwa na en: en été, en automne (majani yanapopukutika), en hiver (wakati wa baridi; h yake haitamkwi). Printemps, majira ya kuchipua, peke yake hudai au, kwa kuwa linaanza na konsonanti. Unapotamka en été, n iirukie irabu inayofuata, isikike "nete". Msimu huu ni cet été, kamwe si ce été. Halafu usishtuke ukisoma j'ai été malade: hapo été ni kitenzi être katika wakati uliopita, "nilikuwa mgonjwa", wala hakuna joto ndani yake.

La tatu limejificha kwenye tafsiri, na hili huwakamata hata wanafunzi wangu wa miaka mingi. Été la Ufaransa huanza yapata Juni 21 na kuishia Septemba 22 au 23. Sasa Julai ya Arusha ni kipupwe, watu wamejikunyata ndani ya masweta. Kiangazi chetu, yaani ukame wa mvua, ni la saison sèche, na ndivyo wasemavyo wenye Kifaransa chao kule Lubumbashi. Été limebeba mambo mengine kabisa: les grandes vacances (likizo ndefu), shule zimefungwa Julai na Agosti, barabara za kwenda baharini zimejaa magari. Anayechukua likizo Julai huitwa juilletiste, wa Agosti ni aoûtien. Mtanie mgeni wako kwa neno hilo la kwanza, atalifurahia. Canicule, joto kali la siku mfululizo, usilitanie: lile la Agosti 2003 liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa.

Mwandikie upya: "En juillet, chez nous, c'est la saison sèche, mais il fait frais", yaani Julai kwetu ni msimu mkavu, ila kuna ubaridi. Kisha ongeza: "Prenez un pull", achukue sweta. Alfajiri ya ukingoni Ngorongoro unaijua mwenyewe.